Muulize Baba Kama Aliinua Mikono

Nyumba za Wafanyakazi wa Uwanja wa Ndege, Jengo la Tatu
4 Machi

Shangazi yangu,

Najua barua ikifika unahesabu kwanza mistari ya salamu kabla hujasoma habari, kwa hiyo nahesabu na mimi. Sisi hatujambo. Mke wangu bado yuko kwenye duka la dawa, na anauliza kama umekubali kuuweka mguu juu ya stuli au bado unabishana nao. Baba hajambo? Mwambie viatu vyangu vya kazi vimeanza kufungua mdomo, hasa cha kulia. Huku mafundi wapo lakini wanapaka gundi tu, hawashoni kama yeye.

Ungekubali kushika simu tungeongea kila siku, ila msimamo wako naujua: kwenye simu mtu anadanganya kwa sauti nzuri, kwenye karatasi unaona pale alipofuta. Basi angalia vizuri. Sijafuta kitu.

Kazi inaendelea. Niko kwenye majaribio mpaka mwisho wa Juni, na bado naendesha gari la mkanda, lile linalosogezwa tumboni mwa ndege ili mabegi yapande na kushuka. Nafuata ulivyonifundisha. Nasimama mara mbili kujaribu breki, halafu naingia polepole, na ndala ya bluu imening'inia mbele kwenye ncha ya mkanda ili ikijikunja nijue nimefika. Mwanzoni wenzangu walinicheka. Nikawaambia shangazi yangu aliendesha gari la ngazi za abiria miaka kumi na sita akiwa na ndala puani mwa gari, na hakuchubua ndege hata moja. Wakarudi kwenye mabegi yao.

Kuna jambo dogo la wiki iliyopita. Alhamisi asubuhi mkanda wangu uligusa ndege, chini kidogo ya mlango wa mizigo. Sisemi uligonga, uligusa. Abiria walikuwa wameshapanda. Fundi wa ndege alipopita kufanya ukaguzi wa mwisho akaona mchubuko wa urefu wa kiganja na kibonyeo kama kisahani cha chai. Akaita watu, abiria wakashushwa, na ndege ikakaa hapa siku tatu. Wakubwa wenye suti walikuwa wanakimbia huku na huku kwenye lami na fulana za kung'aa wamezivaa kinyume.

Mimi niko salama. Nimeandika maelezo yangu. Aliyekuwa mbele yangu ni mwelekezi wetu, mzee wa miaka hamsini na nane tunayemwita Miwani, yule anayetuonyesha kwa mikono: njoo, njoo, polepole, simama. Siku hiyo hakunipa kwa wakati ishara ya kusimama, ile ya kupishanisha mikono miwili juu ya kichwa. Yeye anasema alinipa. Kila mtu na lake, na kamera haikuona kitu kwa sababu injini iliziba. Yeye wamemsimamisha kazi kwa sasa, mimi wameniacha niendelee.

Nina swali moja la baba, lisikusumbue. Alipofukuzwa kazi ya uelekezi hapo uwanjani kwenu mimi nilikuwa na miaka minane, na siku zote mmeniambia tu kwamba alichelewa kuonyesha mkono. Muulize kwa upole: siku ile aliinua mikono au hakuinua? Nauliza tu.

Mwanao.


Nyumbani
21 Machi

Mwanangu,

Salamu nimezipokea, mistari mitano, nimeridhika. Mguu nimeuweka juu ya stuli kama mke wako alivyoagiza, na sasa stuli ndiyo inayolalamika. Bomba la jikoni linavuja tena. Jirani yetu fundi cherehani amenunua jogoo asiyejua saa, anawika mchana kweupe watu wakiwa mezani. Baba yako yuko barazani na kimeza chake cha kushonea, viatu vimemfika magotini kwa sababu shule zimefunguliwa. Kuhusu vyako amesema vitume, usimpe mtu wa gundi. Hayo ndiyo maneno yake yote ya wiki hii, kwa hiyo jione una bahati.

Sasa tuje kwenye jambo lako dogo. Mimi nimekaa na ndege muda mrefu, na sijaona ndege ya abiria ikizuiwa siku tatu kwa jambo dogo. Ndege ni kubwa kama ghala lakini ngozi yake ni nyembamba kama sufuria. Ukiibonyeza hapa chini hainung'uniki, inangoja mpaka ifike juu ambako hakuna wa kumwita. Nilipofika pale ulipoandika abiria wakashushwa nilikaa chini, na chai yangu ikapoa bila kuguswa. Huyo fundi aliyepita kukagua umshukuru kila ukikutana naye.

Niambie haya. Ulikuwa mwendo gani? Ulisimama mara mbili, au ulisimama mara moja ukajihesabia mbili? Na huo mchubuko umetoka wapi? Ndala ni mpira. Ndala ikigusa inaacha alama ya vumbi ambayo unaipangusa kwa kiwiko. Haichubui.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Pale ulipoandika kwamba hakukupa ishara umekandamiza kalamu mpaka karatasi imetoboka. Ni kweli hujafuta. Umetoboa.

Hilo swali la baba yako liache kwanza, ana kazi nyingi. Mambo ya zamani yana wakati wake. Wewe shughulika na ya kwako.

Shangazi yako.


Jengo la Tatu
2 Aprili

Shangazi,

Hatujambo, na poleni na jogoo. Viatu siwezi kuvituma kwa sababu sina jozi nyingine, na bila chuma mbele huruhusiwi kukanyaga maegesho ya ndege. Nimefunga cha kulia kwa kamba.

Umeuliza kamba bila kuuliza kamba. Ndiyo, ulinifundisha nifunge ndala kwa kamba. Lakini kamba ilikuwa inaoza kila baada ya wiki mbili kwa jua na mafuta, nikachoka kubadilisha. Januari nikafunga waya. Ndala ilipojikunja ncha ya waya ikatangulia mbele. Ndicho kilichochubua. Watu walipokuwa wanamkimbilia yule fundi mimi niliikata ndala nikaiweka ndani ya fulana yangu. Sasa iko juu ya kabati kwenye mfuko wa plastiki. Mke wangu ameniuliza mara mbili ni ya nani, na kwa nini moja.

Miwani alikuja juzi. Beji yake wameichukua, kwa hiyo alisimama nje ya uzio, mimi ndani, na waya katikati yetu. Huyu ndiye aliyenionyesha wapi pa kusimama nisipulizwe na injini siku yangu ya kwanza. Chai yake tulikuwa tunagawana, kifuniko cha chupa changu, kikombe chake. Hakunigombeza. Aliniambia, "Kijana wangu, nilipishanisha mikono juu ya kichwa. Na wewe unajua." Nikamwambia nachelewa zamu. Zamu ilikuwa bado dakika arobaini.

Kikao cha nidhamu kimepangwa tarehe 19 Mei. Wakimwona ana makosa anaondoka bila barua ya utumishi mwema, amebakiza miaka miwili tu astaafu. Wakiniona mimi nina makosa, majaribio yangu yanaishia hapo.

Situlii, shangazi. Nikikaa nasimama. Gari la mkanda nalifuta mara tatu kwa siku mpaka msimamizi wa zamu akaniuliza kama nataka kulioa. Njiani nikiona mtu anajinyoosha na kuinua mikono moyo unanipasuka. Jana mwanamke mmoja alikuwa anaanika shuka kwenye kamba, kainua mikono yote miwili, nami nikasimama katikati ya njia kama nimeamriwa.

Hukunijibu kuhusu baba. Aliinua mikono au hakuinua? Ni neno moja tu. Nimempigia simu yeye mwenyewe, inaita mpaka inakata. Nadhani bado anaiweka kwenye droo ya misumari.

Mwanao.


Nyumbani
11 Aprili

Mwanangu,

Wote wazima, mguu umepungua, sina muda wa salamu.

Waya. Mtoto wa kaka yangu anafunga waya kwenye kitu kinachosogea kwenye ndege. Nilikulea nikakuogesha nikakupeleka shule, na sikufikiria kwamba ningetakiwa kukuambia waya unachoma.

Sikiliza. Hiyo ndala itoe nyumbani kwako, itupe mbali, isionekane. Mkeo usimwambie kitu. Kwenye kikao jibu unachoulizwa na usiongeze. Huyo mzee namhurumia, lakini ameshafanya kazi maisha yake yote na wewe ndiyo kwanza unaanza. Watu wanahamishwa, wanapewa kazi nyingine, maisha yanaendelea. Nimeona.

Barua hii ukishaisoma ichane.

Baba yako hajambo.

Shangazi.


Jengo la Tatu
28 Aprili

Shangazi yangu,

Mke wangu anakusalimia. Hajambo kiafya, ila tangu wiki iliyopita ananitazama kama mteja aliyeleta cheti cha dawa cha mtu mwingine. Nilimwambia. Uliniambia nisimwambie, nikashindwa.

Barua yako sijaichana. Nimeisoma mara nyingi na haifanani na wewe. Wewe uliwahi kunirudisha dukani kwa miguu kurudisha kiberiti nilichopewa kwa makosa. Leo unaniambia mzee wa watu apoteze kazi na maisha yanaendelea. Umeona wapi maisha yakiendelea hivyo? Umeandika "Nimeona" na hukusema umeona nini.

Basi mimi nakuambia nilichoona, ukiniahidi hutaniuliza mara ya pili. Sikuwa namtazama Miwani. Nilikuwa natazama ndala, kama ulivyonifundisha. Uliniambia mikono ya mtu inachoka na akili yake inaweza kuwa mbali, lakini mpira uko pale pale, macho yako yasibanduke kwenye ndala. Nilikuwa naisubiri ijikunje. Mwanga wa asubuhi ulikuwa unanipiga usoni na ndala ilikuwa ndani ya kivuli cha tumbo la ndege, sikuiona inajikunja. Nilipoinua macho, mikono ya mzee ilikuwa juu ya kichwa, imepishana, imekazwa. Haikuwa inapanda, shangazi. Ilikuwa imeshafika zamani.

Na kuna kingine sijakuambia. Walipokuwa wanachukua maelezo, afisa wa usalama aliniuliza nina uhakika gani kwamba mzee alichelewa. Nilihisi haniamini. Nikamwambia, "Waelekezi wanaochelewa nawajua. Baba yangu mzazi alikuwa mmoja wao, alifukuzwa kwa hilo hilo." Akatikisa kichwa kukubali, akaandika. Nadhani hapo ndipo aliponiamini. Nilimtoa baba yangu kama mtu anayetoa kitambulisho.

Kwa hiyo sasa nauliza mara ya tatu, na sikuulizi tu. Kama baba hakuinua, basi angalau hilo nililosema ni kweli. Kama aliinua, nataka kujua nilisema nini. Tangu nikiwa mdogo namwonea aibu. Darasani wenzangu wakiuliza baba yako anafanya nini nasema fundi viatu, wakiuliza zamani alikuwa nani nasema sijui. Aliinua mikono?

Mwanao.


Nyumbani
10 Mei

Mwanangu,

Salamu zitafuata nyuma, leo zikitangulia nitapata pa kujificha. Barua yako imechelewa, imefika jana jioni, na leo naandika tangu asubuhi. Hapa utaona nimefuta. Tazama kadiri unavyotaka.

Aliinua.

Ilikuwa wiki yangu ya pili kwenye usukani wa gari la ngazi. Nilikuwa mwanamke wa kwanza kupewa gari lolote pale uwanjani, na baba yako, kaka yangu, ndiye aliyeniombea kazi hiyo mpaka wakakubali kunijaribu miezi mitatu. Kila nikitoka, wapakiaji na wafagiaji walikuwa wanajipanga ukutani kunitazama. Wengine walinipenda, wengine walikuwa wanangoja nikosee wapate cha kusimulia. Siku hiyo nilisimama mara ya kwanza, nikasimama mara ya pili, nikaingia. Kaka alikuwa mbele yangu kushoto. Mtu mmoja ukutani akapiga mluzi na mimi nikageuza shingo. Nilitaka waone sina wasiwasi. Nilitabasamu, mwanangu. Niliporudisha macho kaka yangu alikuwa amepishanisha mikono juu ya kichwa, na nikasikia ngazi inakula bati la ndege.

Hakukimbia wala hakupiga kelele. Alibaki na mikono juu mpaka nikazima gari. Kisha akaja dirishani akaniambia, "Nyamaza kimya. Nitasema nilichelewa. Mimi nina miaka kumi na miwili hapa, watanihamishia ghalani basi. Wewe wakikutoa hawatachukua mwanamke mwingine." Nikanyamaza.

Hawakumhamishia ghalani. Walimfukuza siku ya tisa. Mama yako alikuwa ameshafariki, wewe ulikuwa na miaka minane, na mshahara uliobaki ndani ya nyumba ulikuwa wangu, kwa hiyo kila nilipotaka kusema nilijiambia nikisema tutakula nini. Hiyo ilikuwa kweli kwa mwaka mmoja. Miaka kumi na minane iliyobaki ilikuwa uongo tu.

Yeye hakunidai kitu. Alijifunza kushona viatu. Siku moja akakata ndala kuukuu ya bluu, akanipa pamoja na kamba, akasema nifunge mbele ya gari. Mimi ndala hiyo nikaigeuza kuwa ujanja wangu, nikaisimulia mpaka nikapewa nayo cheti siku ya kustaafu. Ukweli ni kwamba sikuweza tena kutazama mikono ya mwelekezi yeyote. Kila aliyeinua mikono alikuwa kaka yangu. Ndala ilinipa pa kuweka macho. Ulipopata kazi huko nikakufundisha hivyo hivyo, nikijiona mwalimu. Sikukufundisha kuendesha, nilikufundisha woga wangu, na woga wangu umemfikia mzee wa watu ambaye sijawahi kumwona.

Na jambo la mwisho, halafu unichukie vizuri. Baba yako hajui kama umeuliza. Barua zako huwa namsomea salamu, halafu nazikunja. Na simu yake iko kweli kwenye droo ya misumari, lakini mimi ndiye niliyeizima sauti.

Nenda tarehe kumi na tisa ukaseme ulichoona. Ile barua niliyokuambia uichane, usiichane, iweke, uwe nayo siku nikijifanya mtu mwema mbele yako.

Nimeipeleka hii posta mwenyewe na nimelipia ya haraka.

Shangazi yako.


Jengo la Tatu
24 Mei

Shangazi,

Barua yako ya haraka imefika tarehe 22. Kikao kilikuwa tarehe 19.

Kwa hiyo ujue kwamba niliingia mle ndani bila jibu lako. Nilikuwa nimebeba ile ndala kwenye mfuko, na waya wake. Mke wangu alinisindikiza mpaka getini, akanitengeneza kola. Miwani alikuwa amekaa upande wa pili wa meza, amevaa shati la kwenda kwenye harusi. Waliponiita nikaweka ndala mezani. Nikasema sikuwa namtazama, nilikuwa natazama hii, na nilipoinua macho mikono yake ilikuwa juu. Nikasema pia kwamba habari za baba yangu nilizozitoa sizijui, zifutwe. Mwandishi wao akauliza kama kisheria kitu kilichoandikwa kinaweza kufutwa, wakaanza kubishana hilo robo saa, nami nimesimama.

Miwani amerudishiwa beji yake. Mimi wamenifukuza, naondoka mwisho wa mwezi. Mwenyekiti aliniambia si kwa kugusa ndege. Alisema, "Ungesema siku ile ile ungepata onyo la maandishi, ungefundishwa upya, ungekuwa kazini leo. Tunakuachisha kazi kwa sababu ya maelezo uliyoandika." Maneno haya nimekuandikia kama alivyoyasema, kwa sababu nadhani na wewe unayahitaji.

Nje Miwani alinisubiri. Nilitegemea anitukane, nilikuwa nimejiandaa. Alinimiminia chai kwenye kifuniko cha chupa, akanywa yake, tukamaliza, akaenda kwenye zamu.

Nina hasira na wewe na sijui niiweke wapi. Umenilea. Kila kitu ninachojua kufanya kwa mikono umenifundisha wewe. Na miaka kumi na tisa umeniacha nimdharau baba yangu mbele yake mwenyewe, chini ya paa lako, akiwa hatua tatu kutoka kwetu anashona viatu vya shule vya watoto wa watu. Nakumbuka nikiwa kidato cha pili alinisahihisha jinsi ya kuvusha baiskeli barabarani, nikamjibu kwamba yeye si mtu wa kufundisha watu kusimama. Ulikuwepo. Ulikuwa unachambua mchele, ukaendelea kuchambua.

Wewe umesema aliinua. Nakuamini, lakini si wewe niliyekuwa namuuliza. Msomee barua zangu zote, na mahali nilipomsema kwenye maelezo usiparuke. Halafu muulize.

Salamu leo sina.


Nyumbani
15 Juni

Mwanangu,

Na mimi sikuhesabu chochote, nimefungua tu.

Nilimsomea Jumapili, barua zako na nakala ya ile yangu ya Mei niliyoiandika rafu kabla sijaiandika safi. Alikuwa anashona kiatu cha mtoto. Nilipofika pale ulipomwambia afisa kwamba baba yako alikuwa mmoja wa wanaochelewa, sindano ilisimama. Nikasoma mpaka mwisho. Akauliza, "Alikuwa anauliza tangu Machi?" Nikasema ndiyo. Akashona mshono mmoja, akaufumua, akaushona tena. Nilikuwa nimejitayarisha kwa kila kitu isipokuwa kule kushona.

Jumatatu niliamka nikavaa sare yangu ya zamani. Haifungi kiunoni, nikaifunika kwa kanga. Nikamwambia kaka yangu tunakwenda uwanjani. Akasema kufanya nini, faili lenyewe limeshaliwa na mchwa. Nikamwambia tunakwenda hivyo hivyo. Alivaa viatu vyake vya kazi vya wakati ule, vyeusi, sikujua kama bado anavyo. Vinang'aa. Amekuwa akivipaka rangi miaka yote hii, mimi nikidhani ni vya wateja.

Ofisi zimehamia jengo jipya. Tulizungushwa kutoka dirisha hadi dirisha, mguu wangu unawaka moto, mpaka tukafika kwa binti mmoja mpole ambaye nadhani siku ile ya ajali alikuwa bado hajui kutembea. Akasema mafaili ya miaka hiyo yalitupwa wakati wa kuhama. Nikamwambia sitaki kusoma faili, nataka kuandika maelezo. Akauliza ya tukio gani, nikamweleza, akanitazama, akamtazama kaka yangu, akasema fomu ya jambo kama hilo hana. Aliyonayo pale ni fomu ya mizigo iliyopotea. Nikasema nipe hiyo hiyo. Nikaandika nyuma yake, ukurasa mzima, kwamba mwelekezi alipishanisha mikono juu kwa wakati na dereva alikuwa amegeuza shingo akiwatabasamia watu ukutani, na dereva ni mimi. Nikaweka sahihi. Nikamwambia binti gonga muhuri. Akasema, "Mama, sasa hii nikishaipokea naipeleka wapi?" Nikamwambia popote, we gonga tu. Akagonga muhuri wa Imepokelewa, akatoa nakala mbili, moja akabaki nayo.

Baba yako aliisoma akiwa amesimama pale pale, na foleni nyuma yetu. Aliisoma polepole, na alipomaliza akarudia. Kisha akaigeuza akasoma na upande wa mbele, ule wa rangi ya begi na idadi ya magurudumu. Akaikunja mara mbili akaitia mfuko wa shati. Tangu Jumatatu haijatoka mfukoni, shati amelifua akaihamishia kwenye jingine.

Sikuombi msamaha kwenye karatasi, utakuja uniangalie usoni halafu tuone. Jikoni bomba bado linavuja, na jogoo wa jirani bado anawika mchana.

Baba yako ameomba kalamu. Nilimwambia aniambie nimwandikie, amekataa. Huu hapa chini ni mkono wake, mimi nimetoka nje wakati anaandika.

Shangazi yako.

Mwanangu,

Niliinua. Hatua nne kabla. Nikaikaza juu ya kichwa mpaka akazima gari.

Umeuliza mara nne na mimi sikujua kama yupo anayeuliza.

Njoo na hivyo viatu. Najua kazi yake imeisha. Vilete nivishone.

Baba.